Punda ama farasi anateseka kwa njaa na mwenyewe hajali? Hivi ndo unaripoti hapa Kenya hadi isikilizwe

Watu wengi wakiona punda amekonda hadi mbavu zinahesabika wanasema "maskini ya Mungu" alafu wanapita. Si kwamba hawana roho, ni vile wanadhani sheria inashika tu mtu anayemchapa mnyama, yaani kama hakuna kiboko basi hakuna kosa. Hapana jamani. Hapa Kenya kumnyima mnyama chakula ama maji ya kutosha ni kosa la jinai peke yake, hata kama mwenyewe hajawahi kumgusa kwa fimbo. Shida si kukosa sheria, shida ni kwamba ripoti nyingi zinafia kwa dawati la polisi kwa vile zilivyopelekwa, mtu anaenda anasema "kuna punda anateswa huko kwetu" na hana tarehe, hana picha, hana jina la mahali, na afisa ana mambo kumi mengine mbele yake.

Nitataja sana punda manake ndo wengi, ndo wanabebea watu maji Kitui na Kajiado, mchele Mwea, maziwa Limuru, mchanga na mawe kila mahali, na kule Lamu mjini ambako vichochoro ni vyembamba gari halipiti ndo usafiri wenyewe. Lakini kila kitu hapa kinamhusu farasi pia, awe wa kupandisha watoto wikendi, wa ufukweni, wa mashindano aliyestaafu akasahauliwa nyuma ya boma la mtu. Farasi waliosahauliwa ni rahisi zaidi kuteseka bila kuonekana kwa sababu wako ndani ya ua, punda angalau anapita barabarani.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Ni ya zamani, ya miaka ya 60, ila kifungu cha 3 kimetaja mambo unayoyaona kila siku: kumpiga kikatili, kumbebesha kupita kiasi, kumkimbiza kupita nguvu zake, kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa ama ana jeraha ama hali yake haifai kazi hiyo, kumsafirisha kwa njia ya kumtesa bure, kumtelekeza bila sababu mahali atakapoteseka, na kumuweka na njaa kwa kutompa chakula ama maji ya kutosha. Soma hayo mawili ya mwisho tena. Hayo ndo ya kutojali, na ndo watu hawayajui. Yule mtu anamtumia punda miaka na miaka, siku anavunjika mguu ama anazeeka anamfungulia tu aende akafie kando ya barabara, huyo ametenda kosa, hata kama kijijini kila mtu anafanya hivyo.

Kitu kingine kizuri kwa hii sheria, mwenye mnyama hawezi kujificha nyuma ya kijana anayeendesha mkokoteni. Punda wengi ni wa kukodishwa, mwenyewe yuko nyumbani anangoja pesa ya jioni, kijana naye lazima atimize hesabu kwa hivyo anabebesha mitungi mpaka mnyama anapiga magoti. Mwenyewe akikosa kuangalia vile mnyama wake anatunzwa naye pia anaweza kuwajibishwa. Kwa hivyo ukiripoti jaribu sana ujue mwenye punda ni nani, usiishie kwa dereva, huyo kijana mara nyingi ni mtu wa chini kabisa na hana uwezo wa kubadilisha chochote.

Adhabu sasa. Faini isiyozidi shilingi 3,000 ama kifungo kisichozidi miezi 6, ama vyote viwili. Ndio, elfu tatu. Mimi naona ni aibu, hiyo pesa haifiki hata gharama ya kumtibu mnyama aliyeumizwa, na bunge lingekuwa limeirekebisha kitambo. Lakini usivunjike moyo uone haina maana, kwa sababu mahakama pia ina uwezo wa kumnyang'anya mtu huyo mnyama baada ya kumpata na hatia, na zaidi ya hapo, ukweli ni kwamba kesi nyingi hazihitaji kufika kortini. Siku daktari wa mifugo na polisi wanasimama kwa lango la mtu pamoja, chakula hupatikana.

Na hapo kwa daktari wa mifugo ndo watu wanaruka. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka udhibiti na ustawi wa wanyama kuwa kazi ya kaunti. Si hisani, ni kazi yao. Kila kaunti ndogo ina ofisi ya mifugo na ina afisa wa mifugo, wengi wako kwa zile ofisi za zamani karibu na kwa DC (mkuu wa wilaya wa zamani) ama sokoni, uliza tu wachinjaji wa hapo kwenu watakuonyesha manake ndo anakagua nyama yao. Polisi peke yao wakija watasema "huyu punda anasimama, shida iko wapi", hawajafundishwa kuangalia mnyama. Daktari akiandika kwamba huyu mnyama amekonda kwa kukosa lishe na ana kidonda cha siku nyingi, sasa polisi wana kitu cha kushika. Kwa hivyo peleka ripoti sehemu zote mbili, siku moja, na kila upande uambie upande ule mwingine umeshajulishwa.

Kabla hujaenda popote, angalia vizuri kwanza. Mnyama mkonde si lazima awe ametelekezwa. Anaweza kuwa mzee sana meno yameisha, anaweza kuwa na minyoo, anaweza kuwa ananyonyesha, ama anaumwa na mwenyewe anahangaika na daktari kila wiki. Unachotafuta ni dalili kwamba hakuna anayeshughulika. Tazama mgongo, kama uti unatokeza kama ukingo na mifupa ya nyonga imechomoza na nyuma chini ya mkia kumebonyea, huyo hajakonda jana. Tazama kwato, za punda na farasi zinafaa kukatwa kila baada ya wiki 6 hadi 10 hivi, ukiona zimerefuka zimejipinda kwenda juu na mnyama anatembea kwa visigino ujue ni miezi mingi hakuna aliyemgusa. Vidonda vya mahali pa matandiko na kamba, kwa mabega na mgongoni na chini ya mkia, vikiwa vibichi juu ya kovu la zamani inamaanisha anafungwa kazini hivyo hivyo kila siku bila kupumzishwa apone. Alafu maji. Farasi mzima anahitaji lita 25 hadi 50 kwa siku, kwa jua kali hata zaidi, punda anahitaji kidogo kuliko farasi lakini bado ni ndoo nzima na zaidi. Ukipita asubuhi, mchana na jioni na hakuna chombo cha maji mahali amefungwa, andika hiyo.

Na usidanganywe na vile punda amesimama kimya. Punda haonyeshi maumivu kama farasi, farasi akiumwa na tumbo atajigaragaza na kutoa jasho, punda atasimama tu ameinamisha kichwa, masikio yamelegea, watu wanasema "ni mvivu". Punda aliyesimama hivyo hataki kula ni mgonjwa wa dharura.

Ukiona unaweza, ongea na mwenyewe kwanza. Naamini sana hii hatua. Ukame umefanya watu wenyewe walale njaa, na mwingine kweli hajui kwato zinakatwa, baba yake hakukata na yeye hajakata. Nenda kwa heshima, msalimie, "shikamoo mzee" kama ni wa kuamkiwa hivyo kwenu, uliza habari ya watu wa nyumbani na mvua na mifugo, alafu ndo useme "mzee, nimeona punda wako ana kidonda, naweza kukuitia mtu wa mifugo amwangalie?" Usianze na sheria. Ukianza na sheria mlango umefungwa na kesho mnyama amefichwa. Kama ni Lamu mwambie ampeleke kwa kliniki ya Donkey Sanctuary, wako huko tangu 1987 na wanatibu punda bila malipo, hana sababu ya kukataa. Sehemu zingine kuna KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama lenye makao Nairobi, ambao wanapokea ripoti na huokoa wanyama, na kuna shirika la Brooke ambao wanafanya kazi na vikundi vya wenye punda katika kaunti kadhaa, na ukiwa na bahati kikundi kama hicho kiko kwenu, wenye punda wenyewe wakimkanya mwenzao anasikia kuliko akikanywa na wewe.

Kama ameahidi mpe siku chache urudi uone. Lakini kama mnyama ameanguka hawezi kusimama, ama ana mfupa uliovunjika, ama hajapata maji kabisa, hapo hakuna cha mazungumzo, piga simu siku hiyo hiyo, na kama amelala barabarani piga 999 ama 112 manake hiyo ni hatari kwa watu pia.

Ushahidi. Piga picha ukiwa barabarani ama mahali una ruhusa ya kuwa, usiruke ua la mtu. Mpige upande wa kushoto, wa kulia, nyuma, alafu kwato karibu, kidonda karibu, na moja ya mbali inayoonyesha mahali alipo, kamba, chombo cha maji kilicho kitupu, mzigo kwa mkokoteni. Video fupi ya vile anatembea inasaidia sana. Usiziwekee urembo wala kuzikata, acha zibaki kwa simu na tarehe na saa zake. Rudi siku nyingine upige tena pale pale, kwa sababu picha moja mtu atasema "hiyo siku ndo nilikuwa nimesafiri", lakini picha za siku nne tofauti chombo kikiwa kitupu zote nne, hapo hana la kusema. Weka kadaftari kadogo, tarehe, saa, nimeona nini. Na andika unachoona si unachohisi, usiandike "mtu katili asiye na utu", andika "saa nane mchana, jua kali, amefungwa kwa kamba ya mita moja hivi, hakuna maji, hakuna nyasi, kidonda begani kina nzi".

Ripoti yenyewe iwe fupi. Unaweza kuandika hivi:

"Kwa Afisa wa Mifugo wa Kaunti Ndogo, nakala kwa Mkuu wa Kituo cha Polisi. Naripoti punda mmoja jike, rangi ya kijivu, anayekaa katika boma la fulani, kijiji fulani, karibu na shule fulani. Tarehe hizi na hizi nilimuona akiwa bila maji na chakula, amekonda sana, na ana vidonda viwili mgongoni ambavyo havijatibiwa. Bado anafanyishwa kazi ya kubeba maji. Naamini hii ni kinyume cha kifungu cha 3 cha Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Nimeambatisha picha. Naomba mnyama akaguliwe na daktari na nijulishwe hatua iliyochukuliwa."

Weka jina lako na simu, toa nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa ofisi na tarehe. Polisi hakikisha umepewa namba ya OB (kile kitabu cha kituo wanachoandika kila ripoti), usiondoke bila hiyo namba hata wakikwambia "tumesikia, tutaangalia". Bila OB hukuripoti, ulipiga stori tu. Kama unaogopa jirani, na ni haki yako kuogopa, pitia kwa chifu ama kwa KSPCA ukaombe jina lako lisitajwe, lakini ujue kesi ikifika kortini shahidi ni shahidi, kwa hivyo mkiripoti watu watatu wa mtaa mmoja ni afadhali kuliko mmoja pekee.

Baada ya wiki rudi na ile namba. Uliza kwa upole nani amepewa hiyo kazi. Ukiona hakuna kitu, panda juu, kutoka kaunti ndogo nenda kwa mkurugenzi wa mifugo wa kaunti, na kwa polisi nenda kwa kamanda wa kaunti ndogo, ukibeba nakala yako yenye muhuri. Huo muhuri unafanya kazi kuliko kelele.

Sasa mambo ya kutofanya, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Usimfungulie mnyama wa mtu ukaenda naye kwako, hata kama roho inakuuma namna gani. Sheria ya Kanuni za Adhabu kifungu cha 278 inataja wizi wa mifugo na farasi na punda wametajwa humo, kifungo ni hadi miaka 14. Yaani aliyemnyima punda maji miezi 6, wewe uliyemuokoa miaka 14, haileti maana lakini ndo ilivyo. Kumtoa mnyama ni kazi ya polisi, daktari na korti. Pia usiweke sura ya mtu na boma lake mtandaoni ukiita watu wamshughulikie, utaharibu kesi, unaweza kumponza mtu akapigwa, na wewe ndo utajikuta unajibu maswali.

Mnyama akishapatikana, ama mwenyewe akikubali msaada, watu wanafanya kosa la mapenzi, wanamletea gunia la mahindi. Usifanye hivyo! Farasi ama punda aliyekaa na njaa wiki nyingi akipewa nafaka nyingi kwa mara moja mwili unashindwa, madini kwa damu yanavurugika na anaweza kufa siku chache baadaye, wakati kila mtu anafikiri ameshapona. Mwanzo ni maji masafi, kidogo kidogo mara nyingi, na nyasi kavu za robota kiasi kidogo kila baada ya saa nne hivi mchana na usiku, alafu unaongeza polepole kwa siku kumi ama zaidi, na daktari awe anajua. Nafaka zingoje. Na punda ana lake tena ambalo farasi hana sana, akiacha kula, mafuta ya mwili yanamwagika kwa damu na ini linazidiwa, hasa kama alikuwa mnene ama ana mimba, kwa hivyo punda aliyekataa chakula siku nzima mwite daktari usiku huo huo. Hakikisha huyo daktari ni wa kweli, aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, manake wa kudunga dawa ovyo ni wengi sokoni, na ripoti ya asiyesajiliwa korti haitaitaka.

Kuna lingine la wizi wa punda wa ngozi, watu wanaamka wanakuta mnyama amechunwa porini. Hiyo iliongezeka sana baada ya vichinjio vya punda kufunguliwa nchini kuanzia 2016, ngozi zinaenda China kutengenezewa dawa. Februari 2020 aliyekuwa Waziri wa Kilimo Peter Munya akapiga marufuku uchinjaji huo, Mei 2021 Mahakama Kuu Naivasha ikaondoa marufuku hiyo, alafu Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuzuia hiyo biashara ya ngozi barani kote. Wewe kama raia chako ni kuripoti haraka kama wizi wa mifugo, ukitaja kifungu cha 278 cha Kanuni za Adhabu, na kama amejeruhiwa makusudi kuna kifungu cha 338 cha sheria hiyo hiyo. Hizo ni kubwa kuliko ile ya Sura ya 360 na polisi wanazichukulia kwa uzito.

Walio Tanzania wasome Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ni mpya kuliko yetu na imeandikwa kwa mtazamo wa ustawi wa mnyama, si ukatili peke yake. Natamani tungekuwa na kama hiyo.

Mwisho kuna hili la kaunti. Kwa vile ustawi wa wanyama ni kazi yao, bunge la kaunti lina uwezo wa kutunga sheria yake, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kifungu cha 15 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi kwa bunge hilo. Andikeni kama kikundi, wenye punda wakiwa ndani yenu si dhidi yenu, na muombe vitu vinavyoshikika: mabirika ya maji kwa soko na kwa visima vya kulipia, kiwango cha mzigo kwa mkokoteni wa punda mmoja na wa wawili, marufuku ya kumfunga kazini mwenye kidonda ama mwenye mimba ya miezi ya mwisho, siku ya kukata kwato kila baada ya miezi miwili, na simu moja ya ofisi ya mifugo inayoshikwa hata Jumapili. Pelekeni kwa karani wa bunge, mpate muhuri, na MCA wenu (mwakilishi wa wadi) mumpe nakala mkononi kabla ya bajeti kusomwa, manake birika la maji bila pesa kwa bajeti halijengwi.